Dakika Nne Kila Siku

Tangu mlima wa moto ulipotapika mara ya mwisho, nyumbani kwetu Katoyi, mjini Goma, hakuna aliyekaa kitako. Mama anakula akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Mimi husahihisha kazi za wanafunzi nikizunguka uani, karatasi mkono mmoja na kalamu mwingine, na hata nikiketi, miguu yangu inaendelea na safari yake chini ya meza. Nyuma ya mlango wa mbele kuna furushi la Mama: bulangeti mbili, sufuria, vyeti vyetu ndani ya mfuko wa plastiki, na viatu vya raba ambavyo havikuwa vimevaliwa hata mara moja. Kila Jumamosi analifungua, anahakikisha panya hajaingia, analifunga tena. Nimegombana naye juu ya furushi hilo mara nyingi na sijawahi kushinda.

Papa peke yake ndiye anayekaa. Anakaa mbele ya redio.

Zamani, kabla ya simu za mkononi, wafanyabiashara wa Butembo walisemezana na wenzao wa Goma na Beni kwa foni, yaani redio kubwa yenye betri, kipaza sauti na waya mrefu juu ya paa. Papa alikuwa mtu wa foni. Alikaa ndani ya chumba kidogo nyuma ya duka la tajiri mmoja, na mambo yote ya barabara yakapita mdomoni mwake: lori limefika, lori limezama kwenye matope, fulani amezaa, fulani amefiwa. Kazi hiyo ilimwachia tabia mbili ambazo uzee haukuziondoa.

Ya kwanza ni kaye, daftari lake. Kila anachosikia redioni anakiandika: saa, kinatoka wapi, nguvu yake kuanzia moja mpaka tano, na mesaji, ujumbe wenyewe. Hata kikiwa kelele tupu, anaandika.

Ya pili ni kanuni ya watu wa foni: hakuna mesaji, hakuna neno. Dereva akifika mahali pasipo na foni, mke wake haruhusiwi kulia. Kama kungekuwa na shida, mtu angeita. Kimya maana yake ni salama. Papa aliiamini kanuni hiyo kama katekismu, na kusema kweli iliokoa machozi ya wanawake wengi wa Butembo.

Sisi ilitutenda vibaya. Jioni ile mbingu ilipogeuka nyekundu upande wa mlima, majirani hawakukimbilia kwa mkuu wa mtaa, walikimbilia kwetu. Walijaa uani na swali moja: "Muzee, tunaenda ao tunabakia?" Papa alizungusha redio toka mwanzo hadi mwisho. Stesheni moja inapiga muziki, nyingine inahubiri. Akainua kichwa, akasema kwa sauti yake ya kazi, "Hakuna mesaji. Mubakie."

Tulibaki saa nzima. Tulipotoka hatimaye, mji mzima ulikuwa umemwagika kwenye barabara ya Sake. Koko, mama yake Mama, alisukumwa na pikipiki iliyobeba godoro, akaanguka, nyonga ikavunjika. Lava yenyewe haikufika Katoyi. Tungeweza kukaa nyumbani tukala maharage yetu. Lakini Koko hakutembea tena, na kabla mvua za msimu ule hazijaisha tukamzika.

Mama hakumlaumu Papa hata kwa neno moja. Natamani angemlaumu, nyumba ingepumua. Yeye alifunga furushi tu, na tangu siku ile hakumuuliza Papa chochote cha maana, si habari ya vita, si bei ya unga, si kama mvua itanyesha. Majirani nao waliacha kumuuliza. Wanapita, wanasema "Jambo muzee," wanaendelea na njia yao. Nilimwona akiwasindikiza kwa macho mpaka wanakata kona. Mtu aliyekuwa mdomo wa barabara yote ya Butembo, sasa hakuna hata anayetaka kumjua anasikia nini. Alikuwa anangoja kitu kimoja: waje wamuulize tena, na safari hii awape jibu sahihi.

Kwa hiyo akaanza kuusikiliza mlima. Alivuta waya kutoka kona ya paa mpaka kwenye mti wa avoka wa jirani, akaunganisha redio yake ya zamani na betri ya pikipiki, akapeleka sindano ya stesheni mwisho kabisa, mahali ambapo hakuna binadamu anayesema. Hoja yake ilikuwa nyepesi. "Volka iko na umeme ndani," aliniambia. "Umeme inasikika mu redio. Pale hakuna mutu. Kama kitu inasema pale, ni yeye."

Nilikasirika. Siku hizi waya mrefu juu ya paa unaweza kukuletea wageni wenye maswali, na wageni hao hawabishi hodi. Nilimwambia aushushe. Akajibu kwamba ni kamba ya nguo, na kuthibitisha akaanika taulo lake kwenye ncha ya chini. Nikaondoka uani nikibamiza geti, mwanamke mzima, mwalimu wa fizikia, nikibamiza geti kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Mwanzoni mwa Oktoba kelele ikaja.

Haikuwa kelele ya kutisha. Ilikuwa mvumo laini, kama mafuta yanapoanza kupata moto kabla hujatia vitunguu. Sindano ya nguvu ilipanda polepole, ikapita alama ya tatu, ikakaa juu muda mrefu, halafu ikashuka. Kesho yake ikarudi. Na keshokutwa. Papa alikuwa anaandika dakika ambayo sindano inapita alama ya tatu. Hakuniambia. Alimwonyesha Mama, naye Mama, ambaye hakuwa amemuuliza kitu kwa muda mrefu hivyo, aliangalia ile kaye akaenda moja kwa moja kuongeza mfuko wa unga kwenye furushi.

Mimi wakati huo nilikuwa Himbi, kwenye shule ninayofundisha, nikijifanya jasiri. Nilikuwa nimechoka na mji huu. Uwanja wa ndege umefungwa, kila uvumi una miguu, na wanafunzi wangu wanajua majina ya silaha kuliko majina ya sayari. Nikaacha programu ya shule nikaamua kuwapa somo moja la darubini za redio, angalau kwa saa moja tutoke humu ndani.

Niliwaeleza kwamba ziko darubini zisizo na kioo cha kuchungulia, ni masahani makubwa ya chuma, mengine yako jangwani kusini mwa bara letu hili hili, mbali na simu na pikipiki, ili yasikie vizuri. Nuru ya macho ni kipande kidogo tu cha mambo yanayotoka mbinguni. Redio inapita kwenye mawingu na kwenye vumbi lililo kati ya nyota, mahali ambapo jicho linakwama. Ndiyo iliyotufundisha kwamba nafasi kati ya nyota si tupu, imejaa gesi baridi inayonong'ona. Ndiyo iliyotuonyesha maiti za nyota zinazozunguka na kupiga kwa kipimo sahihi kuliko saa yoyote ya ukutani. Ndiyo iliyosikia mvumo mkongwe unaotoka pande zote kwa wakati mmoja, mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu, na kiasi chake kidogo kilikuwemo ndani ya ule mchelemchele wa televisheni za zamani zikikosa stesheni.

Msichana mmoja wa nyuma, ambaye huwa hasemi, akanyoosha mkono. "Madamu, na ile kelele inasema nini?"

"Haisemi kitu," nikamjibu. "Inaonyesha tu kwamba kitu kipo."

Niliwasimulia pia habari ya yule fundi wa kampuni ya simu, karibu miaka mia iliyopita, aliyetumwa kutafuta nini kinachoharibu mazungumzo ya watu. Akakuta mvumo mmoja usiokuwa wa radi wala wa mashine, ambao kila siku ulikuja mapema kuliko jana. Niliwasimulia vizuri, nikapigiwa makofi. Na nyumbani kwangu, mita chache kutoka kitandani kwangu, kilikuwa kinatokea kitu hicho hicho, na mimi nilikuwa nimenuna sana hata sikukiona.

Jumamosi ya wiki ya tatu niliporudi kutoka sokoni nilikuta magodoro uani kwa majirani. Mama wa makala, mjane muuza makaa anayekaa ukuta kwa ukuta nasi, alikuwa anafunga kuku wake miguu. Nilimuuliza kuna nini. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza jina la Baba Mtakatifu.

"Muzee yako anasikia volka. Inakaribia."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Goma yote imeumwa. Niliingia ndani moto moto. Papa alikuwa kwenye kiti chake, mgongo wima, uso umerudi ujana. Hapo ndipo nilipoelewa, na ikaniuma: alikuwa na furaha. Walikuwa wamemuuliza.

"Papa, unatisha watu juu ya nini?"

"Angalia mwenyewe, madamu." Madamu ni jina lake la kunichokoza. Akanisukumia kaye. "Kila siku inakuja mbele ya saa yake. Siku ya kwanza dix-sept heures cinq. Leo quinze heures quarante-cinq. Kitu yenye inaharakisha, iko karibu."

"Kama uchungu," Mama akasema kutoka mlangoni. Amezaa watoto sita, wanne tukakua. "Ikianza kukaribiana ivi, mutoto anatoka."

Nilichukua kaye ili nimwonyeshe kwamba ni upuuzi. Nilisimama katikati ya chumba nikisoma mwandiko wake wa duka, safi, namba zimesimama kama watoto wa komunyo: 17h05 siku ya kwanza, 17h01, 16h57, mpaka 15h45 ya leo. Siku moja tofauti ilikuwa dakika tatu, siku nyingine tano, maana jicho si mashine. Lakini siku kumi zilitoa dakika arobaini. Siku ishirini, dakika themanini.

Uchungu wa kuzaa unaharakisha. Huu haukuharakisha. Ulikuwa unawahi kwa dakika nne tu, wiki ya kwanza dakika nne, wiki ya tatu dakika nne. Na vitu vyote vya binadamu vinafuata saa ya jua: jenereta ya jirani, misa, geti la shule, soko. Jambo linaloitangulia saa ya jua kwa dakika nne kila siku, mimi nilikuwa nimeliandika ubaoni kwa chaki siku chache tu zilizopita. Dunia inaikuta nyota ile ile dakika nne mapema kila siku. Mlima hauko kwenye saa hiyo. Nyota ndizo ziko.

Nilikaa chini. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza miguu yangu ilitulia mwaka ule.

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikirukaruka, si kama darasani. Nikamwambia kelele yake inatoka katikati ya ule mkanda mweupe wa nyota tunaouona umeme ukikatika, kwamba saa ile ya alasiri unapita juu upande wa ziwa, si upande wa mlima, kwamba hata jua likiwaka redio inausikia. Kwamba ilianza safari zaidi ya miaka elfu ishirini na tano iliyopita.

"Weye unasema hii kelele inatoka mu nyota."

"Kesho itakuja quinze heures quarante et un, dakika nne mbele ya leo. Kesho kutwa quinze heures trente-sept, dakika nne tena. Andika."

Hakuandika. Alizima redio, na furaha yote ikamtoka usoni, nikaiona ikitoka. Nilikuwa nimeshinda, na sikuwahi kushinda jambo likanikaa vibaya hivyo. Tukala. Halafu akauliza, bila kunitazama, "Na volka?"

"Volka nini?"

"Kama hii haiko volka, volka iko nasema nini?"

Nikaifungua tena ile kaye. Kaye ile ilithibitisha kwamba kelele si ya mlima. Kuhusu mlima wenyewe haikuwa na hata mstari mmoja.

Jumapili baada ya misa walikuja. Wengi kuliko nilivyotegemea, na vifurushi vyao, wengine wameshafunga watoto mgongoni. Mama alisimama nao, si nasi. Furushi lilikuwa kichwani na viatu vya raba vipya miguuni. Ilikuwa saa tisa na nusu. Papa aliwasha redio, akasimama mlangoni. Mama wa makala, kuku mkononi, akauliza kwa niaba ya wote, na maneno yalikuwa yale yale, sijui kama mwenyewe alijua.

"Muzee, tunaenda ao tunabakia?"

Nilijua ninachotaka aseme. Aseme tunabakia, binti yangu ameonyesha. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja sindano ipande, na angeweza kuwaambia wangoje waone kwa macho, halafu heshima yake yote ingerudi uani pale mbele ya watu. Nilimshika mkono nikanong'ona, "Wangoje kidogo."

Akautoa mkono wangu taratibu.

"Hapana kungoja," akasema, sio kwangu, kwa watu. Sauti ya kazi ilikuwa haipo. "Kelele yenye nilisikia haiko ya volka. Nilikosea. Mutoto ananionyesha. Na volka yenyewe..." Akameza mate. "Volka, sijui. Redio haisemi, na kama haisemi, haiko kusema ya kama tuko salama. Sijui. Mwenye roho yake inamwambia kwenda, aende sasa, barabara iko wazi."

Nilifikiri watacheka, au watamtukana kwa kuwafungisha kuku bure. Mmoja alisonya, hilo nakumbuka. Mama wa makala akasema, "Aksanti, muzee," akaondoka kwenda kwa dada yake, mtaa wa Keshero, na kuku wake. Wengine wawili watatu wakamfuata bila haraka, bila kusukumana. Wengi wakarudi kwao kupika. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa, na ndiyo sababu nilisimama kuwatazama: watu wanaondoka, watu wanabaki, na hakuna anayekimbia.

Tulibaki watatu. Mama hakulishusha furushi. Redio ilikuwa inavuma chini chini, halafu sindano ikaanza kupanda. Papa aliishika saa yake karibu na macho. Sindano ilipita alama ya tatu saa tisa na dakika arobaini na moja, barabara, kama mgeni anayejua nyumba. Ningepaswa kuruka. Katika uwanja wa mawe meusi wa Katoyi, kwa waya wa kuanikia taulo, tulikuwa tunasikia kitovu cha nyota zetu zote. Nilimgeukia Papa kumwambia hivyo, lakini alikuwa anamwangalia Mama.

Mama alikuwa amekaza macho kwenye ile redio. Akasema, polepole, bila hasira yoyote, kama mtu anayesoma jina kwenye bahasha:

"Siku ile, ungesema ivi, 'sijui', mama yangu angetembea mpaka Sake."

Miaka yote ile nilikuwa nimelitaka neno hilo litoke, na lilipotoka nilitamani kuliziba kwa mikono yangu. Papa hakujitetea. Alichukua kalamu, akafungua kaye, akaweka ncha kwenye mstari. Ikakaa pale. Mvumo ukaendelea, ukafika juu, ukaanza kushuka, na hakuandika. Ni mstari pekee mtupu katika kaye yake yote, ninayo hapa mezani, unauona: Jumamosi 15h45, halafu pengo, halafu Jumatatu.

Jumatatu nilirudi kutoka Himbi kwa mwendo wa kukimbia, nikihofia nitakuta nini. Furushi lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa kama kawaida. Uani kulikuwa na viti viwili vimegeuzwa, vimeupa mlima mgongo, vinatazama upande wa ziwa. Papa alikuwa kwenye kimoja, kaye magotini. Mama alikuwa amekaa kwenye kingine, peku, sahani ya maharage mapajani, anakula.

Nilifungua mdomo. Mama akainua kijiko kuninyamazisha.

"Ni saa ngapi?" akamuuliza Papa.

"Quinze heures trente-six. Bado dakika moja."

"Basi," akasema Mama, akaweka sahani chini. "Tungoje."